Kona ya kivuli inataka mkilua, si ua la kwenye simu



Wiki chache kabla ya Ramadhani alitujia bi harusi mtarajiwa pamoja na mama yake kupima gauni. Tulipomaliza vipimo akafungua simu akatuonesha picha ya bustani. Vichaka vya majani mazito ya kung'aa, chini ya miti mikubwa, vimejaa maua meupe na mekundu yaliyopangika petali kwa petali kama vile yamekunjwa na fundi. Ua lenyewe linaitwa kamelia. Bi harusi alitaka taji la kichwa la maua hayo, yale ya kitambaa yanayoletwa kwa makontena. Mama yake alikuwa na swali jengine. Nyuma ya jiko lao kuna kona haipati jua, baina ya ukuta na mwembe, na kila wanachopanda pale hakitoi ua. Alisikia kamelia ni mti wa kivulini. Je, tunajua wapi atapata mche?

Taji tulimtengenezea, maana biashara ni biashara, na lilipendeza. Lakini swali la mama limetukaa. Leo tunataka kulijibu mbele yenu nyote, kwa sababu si yeye peke yake mwenye kona ya kivuli, na kwa sababu jibu lake linagusa harusi zetu, mifuko yetu na kitu ambacho tunaona kinatutoka mikononi.

Tuanze na kamelia yenyewe, tusimdhulumu. Ni mti wa Mashariki ya mbali, wa Japani, China na Korea. Kweli unapenda kivuli, ndiyo maana wenye bustani Uingereza huupanda chini ya miti mikubwa. Lakini hautaki kivuli tu. Unataka baridi, kwa sababu maua yake hufunguka majira ya baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Unataka udongo wenye asidi, uliojaa majani yaliyooza, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Sasa ziangalie sehemu nyingi za visiwa vyetu. Huku kwenye uwanda chini ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa, kinyume kabisa na anachotaka kamelia. Ukimweka humo majani yatageuka manjano. Na hata kule kwenye udongo mzuri wa kinongo, hiyo baridi utaitoa wapi? Kusi letu linatupoza sisi, kamelia halimtoshi.

Na tujue kwamba mmoja katika ukoo wa kamelia tunaye kila siku mezani. Mchai ni kamelia. Majani tunayoyachemsha asubuhi kwa maandazi na mkate wa kumimina yanatoka kwa dada yake huyo wa kwenye picha. Na wapi unastawi mchai? Usambara, Njombe, Mufindi, Kericho, huko milimani kwenye ubaridi na ukungu. Hakuna aliyewahi kuona shamba la chai Makunduchi. Basi anayetaka kamelia kisiwani anunue majani ya chai, amemaliza.

Kuna jambo jengine kuhusu kamelia ambalo picha haiwezi kukwambia. Zile kamelia za bustani zinazopigwa picha, nyingi hazina harufu, au zina harufu ndogo sana. Ni ua la macho. Na hapo ndipo tunapoachana naye, kwa sababu mwanamke wa visiwani hakulelewa kutazama ua. Alilelewa kulinusa, kulitunga kwenye uzi, kulilaza kwenye mto, kulisaga kwenye singo. Tangu lini bi harusi wetu akavaa ua lisilonukia?

Mti wa kona ya kivuli tunao wenyewe, nao ni mkilua.

Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwenye misitu hiyo hauko juu pamoja na miti mirefu, uko chini yao, kivulini. Ukoo wake ni ule wa mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Ua lake si la kupigia picha: ni dogo, hujificha kwenye majani, na ukipita bila kuangalia hutaliona. Utalisikia. Kilua kimoja ndani ya sanduku la nguo kinatosha ukifungua ujue kuna mtu aliyependa kilichomo humo.

Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea, Bernard Verdcourt, alipouandika mti huu kwenye vitabu vya sayansi hakuutafutia jina la mbali. Alilichukua lile lile wanalolitumia watu wa pwani. Jina lake la kitaalamu duniani kote ni Mkilua fragrans, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake wenye kunukia. Wataalamu wameukuta hauna ndugu wa karibu hata mmoja wa kuingia naye kwenye jina hilo. Dunia nzima inauita kwa Kiswahili, nasi mabinti wa Kiswahili tunauliza mche wa kamelia.

Tunasema haya tukijua sisi wenyewe si wasafi. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na mkilua nyuma ya nyumba, baina ya kisima na ukuta wa jirani. Kila aliyeolewa mtaani alipelekewa vilua kwenye sinia, na hakuna aliyewahi kulipa. Bibi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na sisi kazi ya cherehani ikakua, tukahitaji chumba. Tukamwambia fundi amwage saruji mpaka ukutani. Aliuliza mara mbili, "Na huu mti?" Tukamwambia akate, majani yanachafua. Ulianguka kwa panga na shoka kabla ya adhuhuri.

Miaka minne baadaye mdogo wetu akaolewa. Somo wake akatwambia mambo yote yako tayari, asmini zipo, mrehani upo, waridi lipo, leteni vilua vya kikuba. Tukatoka kutafuta. Sokoni hakuna. Tukapelekwa kwa bibi mmoja shamba, tukakuta keshaviuza vyote kwa harusi nyengine. Jioni ile tulirudi na chupa ya manukato ya dukani, yale yanayochoma pua, tukanyunyizia asmini. Somo alikinusa kile kikuba, akakiweka chini, hakusema neno. Mama yetu ndiye aliyesema: "Saruji yenu hainuki." Tangu siku hiyo tunazungumza habari za mkilua kwa kila anayetusikiliza, na hata kwa asiyetaka.

Tunalolisema ni hili. Uwanja wa nyuma ya nyumba ulikuwa ndio duka la bi harusi. Tumeumwagia saruji, kisha tunakwenda kununua maua ya plastiki na kitambaa kutoka ng'ambo, kwa pesa ambazo wakati mwengine ni za mkopo. Tunazijua harusi hizo kwa sababu malipo yetu ya ushoni nayo huchelewa humo humo. Ukumbi umejaa maua bandia kuanzia mlangoni hadi kwenye jukwaa, na wiki moja baadaye yako jaani. Dini yetu imetuonya juu ya israfu kwa maneno makali, hata wafujaji wakaitwa ndugu wa mashetani, katika Suratul Israa. Hatusemi kujipamba ni haramu, sisi tunakula kwa kupamba watu. Tunasema pambo lililokuwa bure tumelifanya deni.

Na manukato katika Uislamu si jambo dogo. Rehani imetajwa ndani ya Qur'ani, katika Suratur Rahman na Suratul Waqia. Mtume wetu (S.A.W.) alipenda manukato, na katika hadithi iliyomo kwenye Sahih Muslim ametufundisha kwamba mtu akipewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Tazama dini ilivyo na upole: zawadi ya jani linalonukia imewekewa adabu yake.

Hapa lazima tuseme na upande wa pili, maana tunajua watakaotuandikia. Mwanamke hakuruhusiwa kujitia manukato kisha akapita mbele ya wanaume wasio maharimu ili wayasikie. Hilo liko wazi na hatulipunguzi. Kikuba ni cha ndani. Ni cha ukumbi wa wanawake, cha chumbani, cha mume wako. Mabibi zetu walilijua hili kuliko sisi: kikuba kilivaliwa jioni nyumbani, na vilua viliwekwa kwenye mto na kwenye masanduku. Anayetaka kushika sunna ya kujipamba kwa ajili ya mumewe hahitaji chupa ya gharama kutoka Dubai. Anahitaji mti nyuma ya jiko.

Kuna na lile jengine, linalosemwa kwa sauti ya chini: kwamba mti wenye harufu kali huita majini na nyoka, kwa hivyo usipandwe karibu na nyumba. Wazee wengine wanalisema, nasi tunawaheshimu wazee. Lakini kinga ya nyumba ya Muislamu ni Suratul Baqara kusomwa ndani yake, na adhkari za asubuhi na jioni. Mti ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu kama wewe. Na nyoka hufuata panya na takataka, basi fagia chini ya mti wako, usirundike magogo na mabati mabovu pale, utakaa salama inshaallah.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, tumjibu mama wa watu.

Kwanza ujue kona yako. Kaa siku moja uangalie jua linapita wapi. Pakiwa na jua nusu ya siku au zaidi, panda asmini, mwaridi au mrehani, hawa ni watoto wa jua. Asmini kivulini hurefuka, hutoa majani na kamba ndefu, na maua mawili matatu tu. Wengi mnailaumu mbegu au jicho la jirani, kumbe mmemweka gizani. Lakini kona ile inayopata mwanga wa kupenyapenya tu, chini ya mwembe au mfenesi, au upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, hiyo ndiyo ya mkilua. Kule msituni ndivyo unavyoishi.

Pili, mche. Waulize wazee wenye mti. Chini ya mti mkubwa mara nyengine huota vichipukizi vyenyewe. Omba kimoja, kichimbuliwe na bonge lake la udongo, usikivute kwa mkono. Ukipewa mbegu zilizoiva zipande mapema, usiziweke kabatini zikakauka. Usiende kung'oa msituni. Misitu yetu ya pwani imebaki vipande vipande, na mti unaochukuliwa humo ni wa watu wote.

Tatu, shimo. Chimba mapana kuliko marefu, lichanganye na majani yaliyooza na samadi iliyokwisha kupoa. Kama uko kwenye uwanda, jiwe liko karibu, basi inua tuta kwa mawe na ulijaze udongo mzuri wa kuletwa. Panda masika yakianza, mvua ikusaidie kumwagilia. Chini ya mti tandaza majani makavu, usiyachome. Watu wetu wana tabia ya kufagia uwanja mpaka ukang'aa kama sahani kisha kutia moto majani. Kwa mkilua hayo majani ndiyo chakula na ndiyo shuka linaloshika unyevu wakati wa kaskazi.

Nne, maji. Mwaka wa kwanza na wa pili usiuache ukauke, hasa miezi ile ya joto baina ya vuli na masika. Lakini maji ya sabuni ya kufulia na ya chumvi ya kuoshea samaki usimwage pale. Kona za nyuma ya jiko nyingi zimekufa kwa hayo, si kwa kivuli.

Tano, subira. Huu si mchicha. Usihesabu miezi, hesabu miaka. Ndiyo maana bi harusi wa mwezi ujao hawezi kuupanda kwa ajili ya harusi yake. Anaupanda kwa ajili ya binti yake, au wa wifi yake, kama ambavyo kuna mtu aliupanda kwa ajili ya bibi yetu.

Wale mnaokaa kwenye fleti, ghorofani, msione haya hayawahusu. Asmini inakaa kwenye ndoo iliyotobolewa chini, barazani penye jua, na mrehani unakaa hata kwenye kopo la maziwa. Chuma asmini jioni, vikiwa bado vichungi, vitafunguka usiku mikononi mwako.

Na neno moja la kifundi kabla hatujamaliza. Maua mabichi yana maji, na satini nyeupe haisamehe. Msipige kikuba kwa pini moja kwa moja kwenye gauni. Mwambie fundi wako ashone kitanzi kidogo kwenye mshono wa bega au wa kifua, na nyuma ya kikuba kiwekwe kipande cha kitambaa. Tungeni kwa uzi wa pamba, maana ule wa nailoni hukata ua. Haya ni mambo ya dakika tano, na sisi hatuyatozi.

Tunarudi kwa kamelia kidogo, maana hatumchukii. Huko Japani kuna kisiwa kinaitwa Izu Ōshima. Kamelia ndiyo mti wao, na wanawake wa kisiwa kile wanajulikana kwa mafuta ya mbegu za kamelia wanayopaka nywele zao tangu zamani. Tulipolijua hilo tulifurahi sana. Wale ni wanawake wa kisiwani kama sisi, walioangalia mti ulioota kwao wakaufanya pambo lao. Tukitaka kuwaiga, tusiige ua lao. Tuige walivyofanya.

Basi tuna ombi kwenu. Binti akiposwa, miongoni mwa zawadi zinazokwenda na kurudi baina ya nyumba mbili, pawemo na mche mmoja wa mkilua kwenye mfuko wa udongo. Mama wa bwana harusi ampelekee mkwe wake, au somo ampelekee mwari wake. Hauzidi bei ya kitambaa cha mezani. Na mwenye mti mkubwa asikatae anayeomba mche.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Kilua hakiliwi, nasi hatuwezi kuipanua hadithi kwa maneno yetu. Ila tunaitaraji rehema ya Mola kwa kila anayepanda kitu chenye manufaa akakitoa bure, kama alivyotoa bibi yetu sinia baada ya sinia.

Sisi wenyewe, mwezi wa Rajabu, tulimwita fundi yule yule. Tulimwambia apasue saruji baina ya kisima na ukuta, dhiraa mbili kwa mbili. Aliuliza tena mara mbili kama tuna hakika. Mche tulipewa na yule bibi wa shamba aliyekuwa kaviuza vilua vyake. Sasa una majani sita. Mama yetu anautilia maji yeye mwenyewe kila baada ya alasiri, na hataki mtu mwengine aguse kopo.

Na yule mama mwenye kona nyuma ya jiko, kama unasoma: njoo uchukue gauni la mwanao, na utukumbushe tukupeleke kwa bibi.

Wabillahi tawfiq.